Bwana wa Safu ya Tisa

"Bwana yuko nami. Siogopi mtu."

Maneno matano tu, na kwa maneno hayo Stella Mwinyikondo aliondolewa kwenye uchaguzi saa nne na dakika kumi, asubuhi ya Jumanne, mbele ya watu mia tatu waliokuja kumsikiliza akieleza habari za maji. Kishikizo alichobandikwa kwenye ukosi wa gauni, kama wanavyobandikwa wagombea wote wa Jamhuri yetu, kiligeuka kutoka kijani kuwa chekundu. Vipaza sauti vikajizima. Nimeambiwa aliendelea kuzungumza dakika nzima kabla hajagundua kwamba watu wa nyuma hawamsikii.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa kwenye kiti changu pale Tume, ghorofa ya tatu, nakunywa chai ya tangawizi iliyokwisha kupoa. Kesi yake ililetwa kwangu kwa sababu kila neno lenye utata huletwa kwangu. Naitwa Editruda Kabyemela. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka ishirini na sita, nikachoka na chaki na watoto wa watu, kisha nikaitwa huku kulifundisha Sikio. Nakasirika upesi, nakiri, lakini kazi yangu naijua.

Sikio ni mashine. Kila mkutano wa kampeni lazima uwe nalo, na kila mgombea lazima avae kishikizo chake. Kazi yake ni moja: kuilinda Ibara ya Sita ya Katiba, inayosema mgombea asidai wala asiashirie kwamba ametumwa, ameteuliwa au anaungwa mkono na Mungu, mizimu au mtume yeyote. Ukidai, kijani kinakuwa chekundu na jina lako linatoka kwenye karatasi ya kura. Tuliiandika Ibara hiyo baada ya miaka ya moto, na sitaki mtu anieleze miaka ya moto ilikuwaje, maana nina mdogo wangu nyumbani ambaye hawezi kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe.

Stella alikata rufaa ndani ya nusu saa. Sheria inasema mtu akikata rufaa, hati ya uamuzi ifunguliwe yote. Kila siku mimi huoneshwa safu nane za mwanzo: neno, sentensi, mkazo wa sauti, kicheko cha watu, mambo kama hayo. Zilizobaki huwa zimekunjwa, nami sikuwahi kuwa na hamu nazo, nikidhani ni hesabu za mafundi. Siku hiyo zikakunjuliwa. Nikasoma safu ya tisa.

"Msemaji: Mk. Uhakika asilimia 71."

Na chini yake: "Kwa hiyo Bwana ni Mungu. Uhakika asilimia 96. Chekundu."

Nikabaki nimeikodolea macho ile Mk. Nikachukua nakala ya majaribio, nikaifuta Mk nikaandika Mw, kwa kuchezea tu. Sikio halikusita hata kidogo. "Kwa hiyo Bwana ni mume. Uhakika asilimia 91. Kijani."

Sentensi ni ile ile, sauti ni ile ile, na mwanamke ni yule yule. Na zile herufi nilizitambua. Zilikuwa zangu.

Miaka kumi na moja iliyopita walinipa sentensi elfu sita zenye neno Bwana, nizitenganishe. Wenye lugha yao wanajua taabu ya neno hili. Bwana ni Mungu wa kanisani. Bwana ni mume wa mtu. Bwana ni mkubwa wa kazi, na bwana ni neno la kujazia tu unapobishana na muuza nyanya. Nilikuwa na wiki mbili na mkono unaouma. Basi pembeni ya kila sentensi nikaandika kifupisho. Mk kwa Mkombozi. Mw kwa mwenzi, yaani mume. Zile nyingine nikaziwekea mstari. Nikaweka bahasha mezani kwa mafundi, nikaenda zangu likizo.

Sikuandika ufunguo. Wanafunzi wangu niliwachapa kwa kosa hilo hilo.

Wale vijana wa mashine waliona Mk na Mw pembeni ya sentensi za watu, wakasoma kile ambacho mtu yeyote wa nchi hii angesoma: Mkristo, Mwislamu. Wakadhani sikuipima sentensi, nimempima msemaji. Wakalifundisha Sikio kumpima msemaji. Na ubaya wake ni kwamba ilifanya kazi, kwa sababu aghalabu anayemwita Mungu Bwana ni mtu wa kanisani. Sikio likazoea kujiuliza kwanza, huyu ni nani? Likachungulia jina, salamu, shule aliyosoma, siku anayofunga duka. Kwa Stella lilishika kwamba jina lake ni Stella na kwamba aliimba kwaya sekondari. Jina la baba yake, Mwinyikondo, lilimpunguzia asilimia chache.

Na Ibara ya Saba, inayofuata ile ya Sita kwenye ukurasa ule ule, inasema hakuna mamlaka itakayomuuliza raia dini yake, wala kuiandika.

*

Mkurugenzi wetu, Bwana Elikana Lugome, ofisi yake iko ghorofa ya tisa. Diwani mmoja aliwahi kumshukuru hadharani "Bwana aliye juu" akimaanisha yeye, na Sikio likataka kumfuta. Tulicheka wiki nzima. Nilipokuwa napanda ngazi siku ile, maana lifti hupumzishwa saa za jua kali, kichekesho hicho hakikuwa na ladha tena.

Nikamwekea hati mezani. Akaisoma haraka mno, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Kaa kwanza, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita sasa." Akavua miwani. "Nilifikiri na wewe unajua. Alama ni zako."

"Mk ni Mkombozi, Bwana Mkurugenzi. Mw ni mwenzi."

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayetaka kulia, akajifunika uso kwa viganja. Alipovitoa alikuwa amezeeka.

"Sasa sikiliza," akasema. "Tumeandika watu milioni nne. Kila aliyewahi kusema neno karibu na Sikio ana herufi yake. Hakuna aliyeziona, hatujamnyima mtu chanjo wala shule kwa ajili yake. Na chaguzi mbili hatujazika mtu. Mbili, Mwalimu. Unakumbuka tulikuwa tunazika wangapi?"

"Nakumbuka vizuri kuliko wewe."

"Najua. Kwa hiyo fanya hivi. Huyu mama ameonewa, hilo liko wazi. Wewe una mamlaka ya kusahihisha lugha. Weka Mw kwenye safu yake, Sikio litoe kijani, arudi kwenye kura. Karatasi zinachapwa Alhamisi saa sita mchana. Herufi moja tu, na haki imetendeka."

"Na safu yenyewe?"

"Safu ibaki. Ukiitaja mbele ya jopo la rufaa, maamuzi yote yaliyopita humo ni batili. Mwaka huu tumefuta watu arobaini na mmoja." Akavaa tena miwani. "Namba nane ni Obedi Kasanzu."

Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Obedi Kasanzu, ambaye wafuasi wake humwita Mjumbe, ndiye aliyesimama jukwaani miaka kumi na miwili iliyopita akasema ameoneshwa kwamba Soko la Mianzini limejengwa juu ya laana. Siku mbili baadaye likamwagiwa petroli. Hakushika kiberiti, hivyo hakufungwa. Mdogo wangu Salvina alikuwa na cherehani yake humo ndani. Ni kwa ajili ya mikono ya Salvina nilikubali kazi ya Sikio. Na Sikio lilimkamata Obedi kila uchaguzi, siku ya kwanza ya kampeni, kwa sababu yule mtu hawezi kusalimia bila kutaja aliyemtuma.

"Acha nifikirie," nikasema.

"Fikiria," akajibu, "lakini usifikirie kwa sauti."

*

Jumatano asubuhi nikamfuata Stella. Nilijidanganya kwamba nakwenda kikazi. Ukweli ni kwamba nilitaka aniambie, kwa kinywa chake, kwamba alimaanisha mumewe. Nikishalisikia hilo, kuandika Mw kungekuwa kuandika ukweli, si kughushi. Nilitaka mlango wa kutokea.

Jimbo la Mabatini Juu lina pampu kumi na nne, na Stella ndiye fundi wao. Nilimkuta ndani ya banda la pampu, amepiga magoti, spana mkononi, mafuta hadi kwenye viwiko. Kwenye kiti cha plastiki mlangoni alikaa mwanamume mwembamba, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto la kuchemsha chai.

"Karibu," akasema yule mwanamume. "Mimi Ndaro, mume wake. Nimetoka hospitali juzi, usinipe mkono."

Nikajitambulisha. Stella hakuinuka.

"Tume," akasema. "Mmekuja kuchukua kishikizo? Kiko pale kwenye ndoo."

"Nimekuja kuuliza swali moja, Mama Mwinyikondo. Jana, wakati unasema yale maneno, Mzee Ndaro alikuwa wapi?"

"Nyuma yangu. Kwenye kiti hiki hiki."

"Ulimshika?"

"Nilishika mgongo wa kiti. Miguu ilikuwa inauma, nilisimama tangu saa mbili."

"Kwa hiyo Bwana uliyemtaja…"

Akaweka spana chini. Akaufuta mkono mmoja kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akanitazama.

"Usimalize hilo swali, Mwalimu."

"Ni kwa faida yako."

"Nasikia. Nimesikia kesi nyingi zinaanza hivyo hivyo. Bwana gani? Nikisema wa mbinguni, mnanifuta. Nikisema huyu hapa, mnaniambia mama ni wa upande ule kumbe, asante, pita. Kwa vyovyote nitakuwa nimewajibu jambo ambalo Katiba imewakataza kuniuliza."

"Sijauliza dini yako."

"Umeuliza nini sasa?"

Nimefundisha ufahamu miaka ishirini na sita, nikashindwa swali la darasa la tano.

"Mama yangu alikuwa wa huku, baba wa kule," akaendelea. "Bibi yangu mzaa baba alikuwa anatambikia kisima mpaka anakufa, na alikuwa mtu mwema kuliko wote wawili. Mashine yenu imenipa nafasi ngapi? Mbili? Bibi yangu ungemweka wapi?"

"Karatasi zinachapwa kesho saa sita," nikasema, na sauti yangu haikunipendeza. "Neno moja tu, Mama. Watu elfu sitini hawana maji, wewe unaweza kuwaletea. Sema neno moja."

"Basi wasipate kwa neno hilo." Akaiokota spana kwa hasira, na hasira hiyo naijua, kwa sababu mimi mwenyewe huwa hivyo. "Leo nikisema, kesho atakayeulizwa ni fundi wangu. Keshokutwa anayeomba kazi ya kusafisha tangi. Sisemi."

Nikamgeukia Ndaro. Nakiri, nilimgeukia nikiwa nimekata tamaa.

"Mzee, wewe ndiye mumewe. Alimaanisha wewe?"

Ndaro akajikuna kidevu. "Na mimi nimelala nikijiuliza," akasema. "Tangu jana. Nilitamani niwe mimi. Lakini sijamuuliza, naogopa spana."

Stella akacheka bila kutaka. Mimi pia nikacheka, kisha nikatoka pale mikono mitupu.

*

Salvina alikuwa ameshawasha jiko jioni ile. Ana vyombo vyake maalumu, vyenye vipini vinene, na hapendi nimsaidie mpaka aombe. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia akimenya ndizi kwa kisu kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono.

"Dada, una nini? Umekaa kama mgeni."

"Kazi tu."

"Yule mama wa maji mmemrudisha?"

"Bado."

"Mrudisheni. Mtu wa maana yule." Akasukuma maganda pembeni. "Kosa la huyo mnaweza kulitengeneza. Sikio hata likikosea mara kumi, mimi nalisamehe. Unajua kwa nini? Juzi nimepita Mianzini. Nimepita kwa miguu yangu, katikati ya soko, wakati wa kampeni, na sikugeuka nyuma hata mara moja. Miaka yote ile nilikuwa siwezi."

Nikasema, "Hilo ni jambo zuri, Salvina."

"Ni jambo kubwa," akanisahihisha.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Kwamba siku inayofuata nina njia mbili. Kwamba naweza kuandika herufi moja kimya kimya, Stella akarudi, Obedi akabaki nje, wewe ukaendelea kupita sokoni, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na mtu wa ghorofa ya tisa. Au naweza kuisema safu ya tisa hadharani. Nilitafuna ndizi zile bila kusikia chumvi. Nilijiuliza kama nimwombe ruhusa, na nikajiona mwoga hata kwa kuwaza hivyo, maana nilikuwa nataka kumtwisha yeye. Sikumwambia.

*

Jopo la rufaa lilikaa Alhamisi saa tatu, kwenye ukumbi wa Tume. Mwenyekiti alikuwa Jaji Kilulu, mama mfupi mwenye sauti ya chini inayokulazimisha kuinama. Stella alikaa mbele na Ndaro wake. Nyuma walijaa watu wa vyama, waandishi, na safu mbili za wanaume waliovaa kanzu za kijivu, wafuasi wa Mjumbe Obedi, ambao huja kila rufaa kusubiri bahati. Naye alikuwepo, amekaa pembeni kimya, mzee sasa, mvi tupu.

Elikana alitangulia. Akaliambia jopo kwamba ofisa wa lugha amegundua hitilafu ndogo katika usomaji wa neno na yuko tayari kuisahihisha. Akanipa ishara ya kichwa. Hati ilikuwa imewekwa mbele yangu, imekunjwa tena hadi safu ya nane, na pembeni kalamu ya kusahihishia. Saa ya ukutani ilionesha saa tatu na nusu.

"Mwalimu Kabyemela," akasema Jaji, "hitilafu ni nini?"

Nikaishika kalamu. Nataka niwe mkweli hapa: niliishika kwa nia ya kuandika. Nilikuwa nimeamua tangu alfajiri, wakati navaa viatu, kwamba Salvina anatosha, kwamba Katiba ni karatasi na mdogo wangu ni mtu. Nikaikunjua hati nifike kwenye ile safu, na nikagundua kwamba sijui niandike nini. Si kwa sababu ya hofu. Stella hakuniambia. Nikiandika Mw nitakuwa nimemkata mtu mzima aliyekataa kukatwa, nimemtia upande mmoja wa nyumba ya wazazi wake, kwa kalamu ya serikali. Nilikuwa naelekea kuifanya kwa makusudi ile kazi ambayo mara ya kwanza niliifanya kwa uzembe.

Nikaiweka kalamu chini.

"Mheshimiwa Jaji, hitilafu ni safu ya tisa. Naomba isomwe yote."

Elikana akasema, "Mwalimu."

"Safu ya tisa inaandika dini ya kila mtu anayezungumza. Haijaulizwa, imekisiwa. Sikio halijui maana ya Bwana mpaka kwanza limjue msemaji ni wa wapi. Na limefanya hivyo kwa wagombea wote, na kwa wananchi milioni nne."

Jaji Kilulu akasogeza miwani.

"Alama hizi, Mk na Mw, aliziweka nani?"

"Mimi. Mk niliandika kwa maana ya Mkombozi. Mw, mwenzi. Nilikuwa napima maneno. Sikuandika ufunguo, wakadhani napima watu."

"Unaliambia jopo hili kwamba Jamhuri imeandika dini za raia wake kwa sababu ya kifupisho cha mwalimu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na wakubwa walipogundua, wakaona kinawafaa, wakakiacha. Tumeilinda Ibara ya Sita kwa kuivunja ya Saba."

Sikumtazama Elikana. Jopo likatoka dakika ishirini, likarudi. Jaji alisoma kwa ile sauti yake ya chini na watu wote wakainama. Safu ya tisa ifutwe yote, mbele ya mashahidi. Sikio lizimwe mpaka Bunge litakapolijadili. Maamuzi yote arobaini na moja ya mwaka huu ni batili, na majina yarudi kwenye karatasi za kura kabla ya saa sita.

Kanzu za kijivu zililipuka. Wakaruka viti, wakanifikia kabla sijasimama, wakaninyanyua juu juu kama bibi harusi, mimi na mifupa yangu ya miaka sitini na moja, wakiimba. Nilipiga mabega ya watu kwa mkoba wangu mpaka wakanishusha. Na walipojitenga, mbele yangu alikuwa amesimama Obedi Kasanzu. Akanishika mkono kwa viganja viwili, kwa upole kabisa. Viganja vyake vilikuwa laini.

"Mama," akasema, "wewe umetumwa."

"Sikutumwa na mtu," nikamwambia, nikauchomoa mkono wangu.

Stella alikuwa mlangoni anamsukuma Ndaro kwenye kiti cha magurudumu cha ukumbi. Nilidhani atasema asante. Akasimama, akanitazama uso wangu, akawatazama wale wanaume wanaocheza nyuma yangu.

"Mdogo wako ndiye yule wa Mianzini?" akauliza. "Nimeambiwa sasa hivi."

"Ndiye."

"Sikujua, Mwalimu."

"Ungejua, ungelisema lile neno?"

Akafikiri kweli kweli. "Hapana," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nenda nyumbani. Nenda kabla hajasikia kwa wengine."

*

Nilikwenda kwa miguu kwenye jua la saa sita, kinyume cha sheria inayokataza kutembea nje saa hizo, king'ora cha kuonya kikilia juu ya paa za watu. Salvina alikuwa amekaa kivulini nje ya mlango, redio imezimwa pembeni yake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu bahasha ya sentensi elfu sita. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo Obedi anarudi," akasema.

"Anarudi. Mkutano wake wa kwanza Jumamosi, Mianzini."

"Na jana ulipokuwa unakula ndizi zangu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Hukuniambia."

"Niliogopa utanikataza. Niliogopa zaidi kwamba ningekutii."

Nilisubiri anitukane, na ningepokea. Aliangalia mikono yake iliyolala mapajani, ile ngozi iliyovutika na kung'aa, vidole vilivyoshikana, kama anaangalia kitu cha mtu mwingine. Kisha akalia, kidogo tu, bila sauti, na kwa kuwa hawezi kujifuta vizuri akaniinulia uso, nikamfuta kwa upande wa khanga yangu.

"Jumamosi utanipeleka," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye mkutano wake. Nataka kukaa mbele kabisa, kwenye kile kiti wanachowawekea wageni."

"Salvina, hapana. Hakuna kitu cha kumzuia sasa. Atasema lolote."

"Si ndiyo mliyoamua leo? Kwamba ana haki ya kusimama?" Sauti yake haikupanda. "Basi na mimi nina haki ya kukaa. Asimame aseme ameoneshwa nini, na mimi nitaweka hii mikono yangu kwenye meza yake ya mbele wakati anasema. Mashine ilikuwa inamnyamazisha, Dada. Haikuwahi kumlazimisha kunitazama."

Nikamwambia wanaweza kumuumiza tena.

"Wanaweza," akasema. "Ndiyo maana nakwambia unipeleke, sijasema niende peke yangu."

Ofisini nilikuwa na barua ya kufukuzwa inanisubiri, hilo nililijua, na mjini karatasi za kura zilikuwa zinachapwa zikiwa na jina lile. Nilikaa chini kando yake. Nikamwambia nitampeleka. Akasogea akanilalia begani, akaniuliza Jumamosi avae gauni gani.